Sanamu za Uele: zilichongwa kwa matumizi ao kwa mgeni?

Ukitoka Fataki, kwenye territwari ya Djugu, na kuelekea kaskazini-magharibi, unaingia jimbo la Haut-Uele, kwenye wanaishi Wamangbetu na Wazande. Vitu vyao vya zamani vya mkono vinatafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani: vyungu vyenye uso wa mtu, vinubi vyenye kichwa, visanduku vya gamba la mti, pembe zilizochongwa. Kichwa kile kirefu fundi hakukibuni. Familia za wakubwa zilifunga kichwa cha mtoto kwa kamba, na wanawake wakazidisha urefu kwa kusuka nywele.

Mkusanyo mmoja mkubwa ni wa Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na American Museum of Natural History ya New York kati ya 1909 na 1915. Walipita Avakubi, kwenye mto Ituri, wakifuata wanyama, okapi zaidi. Walirudi pia na vitu vya watu zaidi ya 3,000.

Hapa ndipo penye mambo. Mkusanyaji ana kipimo chake: anatafuta moshi, mafuta, mahali mkono umelainisha mti. Kisichotumika anasema kilitengenezwa kwa kuuzisha tu. Kwa Uele kipimo hicho kinadanganya. Enid Schildkrout na Curtis Keim, kwenye kitabu chao cha 1990, walionyesha kwamba sanamu za watu ziliongezeka wakati Wazungu walifika na kuzitaka. Machifu waliwapa wageni hao zawadi. Kwa hiyo chungu safi kabisa kinaweza kuwa cha miaka ile, na cha fundi hodari. Kukiita cha uongo ni kumkosea fundi.

Jambo hilo linagusa madai ya leo. Februari 2022, Ubeleji ilikabidhi Kongo orodha ya vitu zaidi ya 80,000 vya makumbusho ya Tervuren, kisha mwaka uleule ikapitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyopatikana bila haki. Mazungumzo ni kati ya serikali na serikali; familia peke yake haiwezi kudai. Vya Lang viko New York, sheria hiyo haivigusi.

Basi kinachohitajika ni kujua kama kitu kilitolewa, kiliuzwa ao kilinyang'anywa. Habari hiyo haiandikwi kwenye chungu, iko kwa wazee. Djugu pia wako, ingawa wengi walikimbia vijiji tangu Desemba 2017. Anayewasikiliza aandike jina la fundi, kijiji, na nani alipokea.