Mafia Haikuwa Shamba la Kilwa

Kila msimu wa potwe wageni hushuka Kilindoni, hupelekwa baharini kuogelea na yule samaki mkubwa asiye na ubaya, hulala Utende au Chole, kisha hao uwanjani kupanda ndege. Sisi wa Miburani tunawaona wakipita, na si neno. Kinachoniudhi ni ile kauli wanayopewa kabla ya kupanda mashua, ambayo hata mimi niliimbishwa darasani: kwamba Mafia ya kale "ilikuwa chini ya Kilwa". Kana kwamba tulikuwa shamba la watu wa mjini, wakituma mtu mara moja kwa mwaka kuja kuhesabu nazi.

Habari ya asili ya wafalme wa Kilwa inajulikana, sitaikalia. Wapo wanaosema Washirazi walikuja na majahazi saba, wapo wanaosema ni watu wa pwani hii hii waliojitafutia nasaba ya mbali. Tuache hilo. Mimi nataka Daud, mmoja wa wafalme hao.

Habari za wafalme wa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili. Kuna kitabu cha Kiarabu kilichotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambacho nakala yake iko London, na kuna muhtasari wa Mreno João de Barros, uliochapwa Lisbon mwaka 1552. Barros anaandika kwamba mtawala mmoja wa mwanzo wa Kilwa alikufa bila mtoto, na aliyerithi kiti ni mtoto wa ndugu yake aliyekuwa Mafia. Tusilipite jambo hilo mbio. Kilwa ilipokosa mrithi, ilivuka maji ikaja kumchukua kwetu.

Daud ni mtoto wa huyo aliyetoka Mafia. Barros anasema adui kutoka Shanga alimfukuza Kilwa, akakimbilia Mafia, akafia huko. Kitabu cha Kiarabu kina habari nyingine: Daud alikwenda Mafia kuzuru kaburi la baba yake, akapapenda, akakaa, ufalme akamwachia mwanawe. Wanahistoria wengi humwamini Mreno, maana kufukuzwa kunaeleweka upesi kuliko mtu kuacha kiti kwa hiari. Huenda mwandishi wa Kilwa alikuwa akiificha aibu ya wakubwa wake. Lakini hata tukimpa Barros ushindi, mtu aliyepinduliwa hukimbilia wapi? Hukimbilia kwao, penye kaburi la baba yake na watu wa kumpokea.

Kwa hiyo Mafia ilikuwa tawi la nyumba ya kifalme, lenye mabwana wake wa kurithi, wanaomtii mkubwa wa Kilwa huku nao wakiwa na haki ya kiti chake. Wajapani waliujua mpangilio huo vizuri sana. Chini ya ukoo wa Tokugawa, nchi iligawiwa mabwana waliorithishana maeneo kwa sharti la utii, na baadhi yao walikuwa wa damu ya mtawala mwenyewe. Ukoo mkuu ulipokatika mwaka 1716, aliletwa Yoshimune, bwana wa Kii, akawa shoguni. Sijasikia mtu akisema Kii ilikuwa shamba la Edo, mji wa shoguni.

Ushahidi wa ardhini nao hauwapi raha wenye kauli yao. Sarafu za shaba za Ali bin al-Hasan, mfalme wa Kilwa, vipande vidogo vya kulala juu ya ukucha, vyenye maandishi ya vina pande zote mbili, zimeokotwa kwa wingi Kisimani Mafia, mji wetu wa kale. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kisimani na Kilwa, alimweka mfalme huyo karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa akiba ya Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwemo za Ali, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya mwisho ni ya 1066. Kwa hiyo mwanaakiolojia Mark Horton akamrudisha Ali nyuma hadi karne ya 11. Namuunga mkono Horton, lakini ugomvi wao wote ni wa tarehe. Kwa nini Kisimani ijae sarafu zile, hilo halijawashughulisha kama linavyonishughulisha mimi.

Wazee wetu wana kisa chao. Watu wa Kisimani walijenga chombo, wakawaalika wa Kua, mji mwingine wa hapa, kukishusha, kumbe watoto wa Kua ndio waliolazwa chini badala ya magogo. Kua wakanyamaza miaka, kisha wakaalika harusi, wageni wakafungiwa chumbani chini ya ardhi mpaka wakafa. Wako wanaosema ndipo Kisimani ilipokufa. Sikubali: magofu mengi ya Kua ni ya karne ya 18, na Kisimani ilikuwa imeshafifia zamani. Ila kisa chenyewe nakipenda, kwa kuwa Kilwa haimo hata kwa jina. Mabwana wawili, deni la damu, na wote wa hapa hapa.

Baada ya hapo ni Wareno, Wasakalava wa Bukini walioivunja Kua, Wabusaidi, Wajerumani wa 1890 waliokaa Chole mpaka wakahamia Kilindoni 1913, na Waingereza wa 1915. Kilwa Kisiwani ikaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981.

Kisimani inaliwa na bahari. Mara ya mwisho nilipofika, maji yalikuwa yametoka, na mama mmoja alikuwa amejifunga kanga kiunoni, akichokoa pweza kwa mti katika mawe ya nyumba. Alimtoa mmoja, akampiga chini mara kadhaa, akasogea kwenye tundu la pili.