Jiwe la Aneyoshi

Pwani ya Sanriku, kaskazini mashariki ya Japani, ni nchi ya ghuba nyembamba zenye samaki tele. Lakini mbele yake, chini ya bahari, bamba moja la ardhi hujipenyeza chini ya jingine. Na linapofyatuka, sakafu ya bahari huinuka na kuyasukuma maji. Ghuba zile zile zilizo stara ya mashua huyabana mawimbi hata yakapanda mlimani.

Jioni ya tarehe 15 Juni 1896 nchi ilitetemeka kidogo tu, wala haikumtisha mtu. Baada ya nusu saa hivi bahari ilipanda ikaua watu wapatao 22,000. Wavuvi waliokuwa mbali hawakuhisi kitu, maana wimbi la namna hii huwa fupi katika kilindi. Waliporudi walikuta maiti na magofu. Katika kijiji cha Aneyoshi walisalia watu wawili. Makao yakajengwa tena karibu na maji, kwani riziki ya mvuvi i pwani. Na tarehe 3 Machi 1933 bahari ikasaza wanne.

Ndipo waliosalia wakahamia mlimani, wakasimamisha jiwe lenye wosia: wazao wasijenge nyumba chini ya hapo. Mji wa Taro, ulioangamia nao mara mbili, ulichagua kukaa, ukajikinga kwa ukuta wa mita 10. Ukuta huo ulisifiwa mno, na wengi wakastarehe nyuma yake.

Tarehe 11 Machi 2011 lilitokea tetemeko la kipimo cha 9.0. Huko Taro maji yaliupita ukuta, wakafa watu zaidi ya 150. Huko Aneyoshi yalipanda karibu mita 40, yakakoma chini ya jiwe. Hakuna nyumba iliyoguswa.

Haifuati kwamba kuta hazina faida. Kijiji cha Fudai kiliokolewa na lango la mita 15.5 lililokamilika mwaka 1984, kwa shauri la mkuu wake, Kotoku Wamura, aliyeyaona maafa ya 1933 na kustahimili lawama za gharama. Baina ya 1933 na 2011 ilipita miaka 78, muda unaotosha walioshuhudia kufa na wajukuu kusahau. Hatari kubwa ya pwani hiyo imo katika muda huo wa utulivu, ambapo ardhi ya chini huonekana njema na wosia wa wazee huonekana mzigo.