Ku- moja, njia mbili

Hebu tazama sentensi mbili. "I remembered to lock the shop": nilikumbuka kufunga duka, nikafunga. "I remember locking the shop": nakumbuka kwamba nilifunga. Kwa mwenye duka Kariakoo, sentensi ya kwanza ni kazi, ya pili ni ushahidi. Lakini mwanawe wa kidato cha kwanza anapewa orodha tu: vitenzi hivi vinataka "to", vile vinataka "-ing". Kariri!

Orodha hiyo ina historia. Katika Kiingereza cha kale, "to" ilikuwa neno la kuelekea mahali, kama ilivyo mpaka leo katika "to the market". Ndiyo maana mara nyingi inatazama mbele: want, hope, decide. "-ing" nayo ilianza kama kiambishi cha kuundia nomino, kikiandikwa -ung au -ing. Kwa hiyo mara nyingi inashika tendo kama kitu kilichopo tayari: enjoy, finish, avoid. Si sheria ya chuma, ila inasaidia kuliko kukariri.

Sisi tuna ku- moja. "Nataka kusoma." "Kusoma kwake kunanifurahisha." Shuleni tunaiita kitenzi-jina, na jina lenyewe linakiri kazi zote mbili. Wala hatukosi ile tofauti, tunaiweka kwingine. "Stopped smoking" ni aliacha kuvuta sigara. "Stopped to smoke" ni alisimama ili avute.

Sasa, kuanzia 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi za umma, sekondari ikabaki na Kiingereza. Mtoto wa Gerezani au Jangwani anavuka daraja hilo kwa mwaka mmoja, na akiandika "I enjoy to read" anawekewa kosa, basi. Hakuna anayemwambia kwamba ku- yake ina akili, ila Kiingereza kimeigawa mara mbili.

Kariakoo lenyewe ni jina lililotoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Waswahili walilichukua wakaligeuza likae mdomoni mwao. Maneno tuliyapokea kwa kujiamini hivyo. Sarufi nayo tungeifundisha hivyo hivyo, tukianzia kwenye lugha ambayo mtoto anaijua tayari.