Pikipiki hung'aa ikiwa na mwenyewe

Juma lililopita nilikuwa Malindi. Si ile Malindi ya pwani ya Kenya alikofika Vasco da Gama mwaka 1498, bali Malindi yetu ya milimani, wilayani Lushoto, upande wa Mlalo, ambako asubuhi ukungu hufunika mashamba ya kabichi na mtu akiongea unaiona pumzi yake.

Nilitaka usafiri wa kwenda Lushoto mjini. Kijiweni zilikuwapo pikipiki saba. Sita zilikuwa na rangi moja, rangi ya udongo. Ya saba ilikuwa nyekundu, tangi linang'aa, spoki zinameta. Nikadhani imetoka dukani juzi. Kijana mwenye nayo akanisalimu, "Shikamoo mzee, twende?" Nikaitikia, nikapanda. Njiani nikamuuliza ameinunua lini. Akacheka. "Hii ina miaka minne barabarani, mzee. Inapumzika Jumapili tu."

Miaka minne katika njia za Usambara! Aliyefika kule anazijua. Masika udongo mwekundu ni utelezi, kiangazi ni vumbi. Juu ya hayo kuna kona, miteremko na magunia ya karoti na viazi. Pikipiki nyingi hufika mwaka wa pili zimekwisha zeeka, zinakohoa kama mvuta kiko. Nikajiuliza: hii imeponea wapi?

Jibu nililipata katika historia ya milima ile ile. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo, jirani kabisa na Malindi, mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo halina ubishi. Lakini kazi ilikuwa nzito, ililetwa kwa amri, na watu hawakuiona kuwa ni yao. Wakaipinga, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa.

Mwaka 1981 ukaja mradi mwingine, SECAP, wa ushirikiano wa serikali yetu na Wajerumani. Huu nao ulihimiza kukinga udongo, ila kwa kupanda majani ya malisho na miti kufuata kontua. Mkulima akapata majani ya ng'ombe na kuni za mkewe. Udongo ulikuwa ule ule na mteremko ule ule, lakini safari hii mkulima aliona chake ndani ya kazi.

Sasa turudi kwenye pikipiki. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya themanini, pikipiki kule milimani zilikuwa za kuhesabika: ya bwana shamba, ya bwana afya, ya mwenye duka. Ya mwenye duka ilioshwa kila Jumamosi, nasi watoto tuligombania kushika kitambaa. Lakini iko nyingine, ya ofisi moja nisiyoitaja, iliyokufa chini ya mkaratusi. Kwanza ilikwenda taa, kisha gurudumu la mbele, mwisho kuku akatagia chini ya kiti. Kila mtu aliiendesha, na hakuna aliyeiosha.

Nisiwacheke wenzangu. Mwaka 2006, nikiwa kijana kazini, nilikabidhiwa pikipiki ya ofisi ikiwa mpya. Kwa miaka miwili sikukumbuka hata siku moja kuitia mafuta mnyororo wake. Nilirudisha chombo chakavu, nikatia sahihi, nikaondoka zangu bila aibu. Mwaka 2011 nikanunua yangu kwa fedha yangu. Ndipo nikajua bei ya kitambaa na sabuni.

Baadaye ikaja enzi ya bodaboda. Jina lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kwa vijana waliovusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Hapa kwetu sheria ilirekebishwa mwaka 2009 ili pikipiki ziruhusiwe kubeba abiria kwa malipo, na kanuni zake zikatoka mwaka 2010. Pikipiki za China na India zikajaa hadi vijijini, na pamoja nazo ukaja mkataba.

Mkataba wa rafiki yangu wa Malindi ulikuwa hivi: tajiri alinunua chombo, yeye akaleta hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku, siku sita kwa juma, kwa miezi 18, kisha chombo kiwe chake. Pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya shilingi milioni 3 na laki 7. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kijana anayekimbizana na hesabu hupakia watatu, hubeba magunia mawili, halali. Siku anayokabidhiwa kadi, anakabidhiwa chuma chakavu. Amelipia pikipiki mpya, amepata mzoga.

"Mimi nilijiambia tangu siku ya kwanza hii ni yangu," akasema yule kijana. "Ya tajiri ni ile hesabu tu."

Basi akanieleza anavyofanya. Akitoka kwenye matope hafuti tope kavu kwa kitambaa, maana mchanga wake hukwaruza rangi kama msasa. Huliloweka kwanza kwa maji, likalainika, ndipo huosha kwa sabuni laini. Hamwagi maji ya baridi kwenye injini ya moto, husubiri ipoe. Dizeli, ambayo wengi hupenda kuoshea, haitumii, kwani hula mipira na kufifisha rangi. Mashine ya maji ya presha huiogopa, kwa kuwa husukuma maji hadi kwenye beringi na nyaya. Akimaliza hukausha, huupaka mnyororo oili, hupitisha kitambaa chenye mafuta kidogo kwenye spoki zisishike kutu, lakini hakigusi tairi wala breki. Kiti kina kava, na mchana chombo hukaa kivulini, kwa sababu jua hupausha plastiki.

Kwenye mteremko hushuka kwa gia ndogo, injini ikimsaidia kushika, badala ya kukanyaga breki kutoka juu hadi bondeni. Na magunia mawili? "Moja, mzee. La pili nalirudia."

Hilo la gunia la pili ndilo lililonigusa zaidi ya sabuni yote. Kila siku alikubali kupata pungufu kidogo ili siku ya mwisho apate chombo kizima. Na hakupata hasara kama mnavyodhani: kizuri chajiuza. Pale kijiweni mimi mwenyewe niliziruka sita nikaifuata ya saba.

Tahadhari moja. Mng'aro si usalama. Pikipiki inaweza kumeta huku breki zimekwisha. Anayeanza na rangi akasahau breki anapamba jeneza. Lakini nimeona kwamba mwenye macho ya kuona kovu dogo kwenye tangi huiona pia nati iliyolegea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwenu matajiri wenye mikataba, nina neno. Mkataba uandikwe, kila malipo yapewe stakabadhi, na hesabu iwe ya kubebeka. Kijana asiyejua kama mwisho chombo kitakuwa chake, mnataka akioshe kwa moyo gani? Matuta ya mwaka 1946 yaliwashinda watawala wenye askari na mahakama. Hesabu ya kila siku haitamfundisha mtu utunzaji.

Tulipofika Lushoto nilimlipa, nikamwongeza kidogo ya sabuni. Akashukuru, akainama, akafuta tope lililorukia madigadi. Alitumia kitambaa kibichi.