Jinsi ya kulinda kuku na mbuzi wako dhidi ya mbwa wanaozurura

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja nchini Uganda, kuku na mbuzi ni akiba ya familia. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, au mtu akiugua usiku, kuku huuzwa asubuhi na shida inapungua. Mbwa wakiingia usiku mmoja na kuua kuku wote, akiba hiyo imekwisha. Mara nyingi kinachofuata ni ugomvi na jirani, na ugomvi huo huwa mkubwa zaidi pale mmoja anapokuwa mkimbizi na mwingine mwenyeji.

Makala hii inaeleza namna ya kuzuia hasara hiyo, na la kufanya ikiwa imeshatokea.

Hakikisha kwanza kama ni mbwa

Kabla ya kumlaumu jirani, angalia alama. Mbwa huweza kuua kuku wengi kwa mara moja na mara nyingi huwaacha bila kuwala. Manyoya hutapakaa, na ukuta au mlango wa banda huwa umevunjwa au chini yake pamechimbwa. Nyayo za mbwa huonyesha kucha. Za paka kwa kawaida hazionyeshi. Mwewe hunyakua kifaranga mchana na kuondoka naye. Nguchiro hupita kwenye tundu dogo ambalo mbwa hawezi kupita.

Banda la kuku

Kinga kubwa kuliko zote ni banda linalofungwa kila jioni.

- Inua banda juu ya nguzo imara, sakafu iwe karibu mita 1 kutoka ardhini. Panga fito au mbao za sakafu karibu karibu, ili kinyesi kidondoke chini upate mbolea.
- Turubai peke yake halizuii mbwa. Wavu mwembamba huzuia kuku kutoka, lakini mbwa huupasua kwa meno. Ukiutumia, zungushia fito kwa nje.
- Kama banda lako liko chini, chimba mtaro wa sentimita 30 kulizunguka na uujaze mawe, ili mbwa asichimbe akaingia.
- Funga mlango kwa komeo. Kamba hutafunwa.
- Kuku huingia wenyewe jua linapozama. Mpe mtu mmoja wa nyumbani kazi ya kuwahesabu, kufunga mlango na kuondoa ngazi.

Kuku anayeatamia kichakani hukaa hapo siku 21, na mbwa humpata kwa urahisi. Mwandalie kiota ndani ya banda. Mama na vifaranga wanaweza kulala chini ya tenga zito ndani ya nyumba, na jiwe juu yake.

Mbuzi na kondoo

Mbuzi aliyefungwa kamba hawezi kukimbia. Mchana mfunge mahali ambapo mtu anamwona, na usiku mwingize kwenye zizi lililozungushiwa miti au miiba, karibu na nyumba. Mbuzi hubeba mimba kwa miezi 5 hivi. Siku za kuzaa zikikaribia, asiende mbali. Akizaa, fukia kondo la nyuma kwenye shimo refu, kwa sababu harufu yake huwavuta mbwa.

Ondoa kinachowaleta mbwa

Mbwa hurudi pale walipopata chakula. Fukia matumbo na mifupa baada ya kuchinja, funika shimo la taka, na usimtupie mbwa kuku aliyekufa.

Kama wewe ndiye mwenye mbwa, mlishe na umfunge au umfungie usiku. Mpeleke kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mvishe ukanda shingoni ili majirani wajue ana mwenyewe.

Usitumie sumu

Watu wengine huweka dawa ya kuua wadudu kwenye nyama. Sumu haichagui. Inaweza kumuua mtoto anayeokota kitu chini, kuku wako mwenyewe, au mbwa wa mtu asiye na kosa. Baada ya hapo, wewe uliyepata hasara ndiye unayeshtakiwa.

Mbwa wakishaua

1. Usiondoe kitu kabla ya kuita mashahidi wawili. Piga picha kama una simu.
2. Andika tarehe, idadi ya wanyama na bei yao sokoni.
3. Mwone mwenyekiti wa kijiji chako (RWC1). Ikiwa mwenye mbwa ni mwenyeji, mwombe mwenyekiti akupeleke kwa mwenyekiti wa LC1. Usiende kwa mwenye mbwa peke yako ukiwa na hasira.
4. Mkikubaliana malipo, yaandikwe na kila upande utie sahihi, hata kama ni kulipa kidogo kidogo au kwa vifaranga.
5. Mnyama aliyeumwa akabaki hai, mtenge na umwite afisa wa mifugo. Usimchinje wala kunywa maziwa yake kabla ya kupata ushauri, kwa sababu anaweza kuwa ameambukizwa kichaa cha mbwa.

Mtu akiumwa

Mtu anaweza kuumwa anapojaribu kuokoa kuku wake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kinazuilika ukiwahi.

Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Usipake majivu, pilipili wala mafuta. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kama chanjo haipo hapo, omba rufaa ya kwenda inakopatikana, na umalize sindano zote utakazopangiwa.

Usimuue mbwa huyo kwa haraka. Mbwa anayejulikana akifungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, wahudumu hupata habari muhimu kuhusu hatari uliyo nayo. Hata hivyo, usisubiri siku hizo ziishe ndipo uende kituoni.