HISTORIA YA JIONI, SEHEMU YA 7: Mzinga wa melini uliovutwa na watu

Leo andiko ni refu kidogo. Mnyonyeshe kwanza, mtoto akilala urudi.

Wiki hii nimepata meseji kama tatu zinazofanana. Watoto wako likizo, mvua haikati, na kila boksi likionekana ndani linageuzwa bunduki au mzinga. Mama mmoja kaniuliza: "Nesi, mwanangu anataka atengeneze mzinga mkubwa wa Mjerumani, kama ule wa vitani. Nimkataze?" Mimi nasema usimkataze. Mkalishe chini umwambie mzinga wenyewe ulitoka wapi, maana kuna mizinga iliyopita kwenye nchi hii yenye historia ya ajabu sana.

Tuanzie baharini. Mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walileta Dar es Salaam meli ya kivita inaitwa Königsberg. Ilikuwa na mizinga 10, kila mmoja wenye mdomo wa sentimita 10 na nusu. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivizia meli ya Waingereza, Pegasus, ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo, ikaizamisha. Kisha ikakimbilia kujificha kwenye delta ya Rufiji, huko kwenye mikoko ambako mito inagawanyika mpaka huelewi upi ni upi. Waingereza waliizingira kwa miezi. Mwishowe wakaleta meli mbili zinazoweza kwenda kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, na ndege juu za kuelekeza mizinga. Walishambulia tarehe 6 Julai 1915, wakashindwa. Wakarudi tarehe 11. Hapo Königsberg ikaharibika kabisa, na mabaharia wake wenyewe wakamalizia kuizamisha.

Wengi wanaishia hapo. Mimi utamu nauona unaanzia hapo.

Meli ilikuwa imekaa kwenye matope, haikuzama mbali. Kabla ya kuiacha, Wajerumani walitupa majini vile vipande vya nyuma vinavyofunga mzinga ukishapakiwa kombora, ili adui asiweze kuutumia. Baadaye wakavipigia mbizi wenyewe, wakavitoa. Wakaing'oa mizinga yote 10, mmoja mmoja, kutoka kwenye meli iliyolala matopeni, katikati ya mbu na mamba. Bomba la mzinga mmoja peke yake lina uzito wa zaidi ya tani moja. Ikavutwa mpaka Dar es Salaam.

Sasa fikiria wewe ni fundi wa karakana ya reli pale Dar. Unaletewa mzinga wa melini. Melini mzinga umefungwa sakafuni kwa nati, hauna tairi, hauna cha kuukokota. Kutoka Ulaya huletewi kitu kwa urahisi, bahari imefungwa. Unatakiwa uutengenezee kigari cha kuubeba, chenye magurudumu imara, kinachostahimili pigo la mzinga ukirudi nyuma kila unapofyatuliwa, na kinachopita kwenye njia za porini ambako hata baiskeli inalalamika. Na waliviunda, kwa vyuma na mbao walizokuwa nazo. Sio mingine yote iliwekewa magurudumu, mingine ilisimikwa mahali pamoja kulinda miji. Mmoja ukafungwa kwenye meli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Hii mnaijua, ndiyo MV Liemba! Nayo ilikuja kama vile vitu vya watoto vya kuunganisha: iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma.

Haya, tumtengenezee mtoto. Tutumie kipimo cha robo, yaani kila sentimita 4 za mzinga wa kweli ziwe sentimita 1 kwetu. Bomba la kweli lilikuwa na urefu wa mita 4 na sentimita 20. Ukigawa kwa nne unapata mita moja na sentimita 5. Tundu la sentimita 10.5 linakuwa kama sentimita 2 na nusu na ushee. Na hapa Rungwe tumebarikiwa, huo ni mwanzi! Tafuta mwanzi mkavu wa mita moja wenye tundu la kuingia kidole gumba. Mwache mtoto apige hizo hesabu mwenyewe, ni kugawanya kwa nne tu.

Magurudumu yawe makubwa, ukiona picha za zamani utaelewa. Mfuniko wa ndoo ya lita 20 unafaa. Mkia wa kigari, ule unaogusa chini nyuma, tumia mbao mbili au hata mgomba ukikosa. Viungo fungeni kwa kamba ya katani, kisha pakeni uji mzito wa ngano na vipande vya magazeti, tabaka tatu au nne. Hali ya hewa yetu mnaijua, ukianika nje hakikauki mpaka Krismasi. Tundika juu ya jiko la kuni, lakini mbali na moto. Kikikauka piga msasa, halafu rangi nyeupe changanya na mkaa uliosagwa laini upate kijivu cha meli. Sehemu za magurudumu paka tope jekundu kabisa, usione aibu, mzinga ule haukuwa msafi.

Jambo moja nalisema kama muuguzi: mzinga usifyatuke. Sitaki kusikia habari ya vichwa vya vibiriti ndani ya mwanzi. Nimewahi kusafisha kiganja cha mtoto kilichoungua hivyo, na mama yake alilia kuliko mtoto. Huu ni wa kutazama tu.

Basi, mmepaka rangi, mnadhani mmemaliza. Bado. Mzinga huo ulitembeaje?

Ng'ombe na farasi hawakudumu, mbung'o waliwaua kwa maelfu. Waliobaki ni watu. Wapagazi waliufunga mzinga kamba wakauvuta, mamia kwa mzinga mmoja, kwenye mchanga, kwenye milima, kwenye mito. Nyuma yao wengine wakiwa wamebeba makombora, na wengine wamebeba chakula cha hao wanaobeba makombora. Kwa hiyo tengenezeni watu. Kwa kipimo chetu cha robo, mtu mzima anakuwa na sentimita 40 hivi, mwanasesere wa magome makavu ya mgomba kama tuliyochezea sisi utotoni. Huwezi kutengeneza mia tatu, najua, tengeneza hata kumi. Kamba mkononi, mzigo kichwani, miguu peku.

Na huko ndiko historia hii inapogusa nyumba zetu. Tukuyu wakati huo iliitwa Neu Langenburg, na boma la Mjerumani mnalijua. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wakauchukua mji huu. Sisemi mizinga ya Königsberg ilifika hapa, hiyo ilipigana sehemu nyingine, kama Kahe mwezi Machi 1916. Ila majeshi yote mawili yaliendeshwa kwa namna moja: wanaume walichukuliwa wakabebe, na chakula kilichukuliwa ghalani. Upande wa Waingereza peke yao na washirika wao, wapagazi walikaribia milioni moja katika vita nzima ya Afrika Mashariki, na wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa karibu 100,000. Someni tena hiyo namba taratibu.

Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa vitu ninavyoviona mimi wodini: kuhara damu, malaria, nimonia. Mtu aliyezoea ndizi na maziwa anapewa mahindi au unga, anaambiwa apike haraka kabla ya safari, kuni mbichi, maji ya dimbwini. Analala mvuani bila blanketi. Tumbo linaharibika siku ya tatu, na siku ya nne bado ana mzigo wa kilo 25 kichwani. Leo mgonjwa kama huyo ningempa ORS na dripu, na baada ya siku chache anaomba chai. Wajerumani walikuwa na kwinini, hata ilipokatika kutoka Ulaya walitengeneza yao kwa magome ya miti iliyopandwa Amani kule Usambara. Mpagazi hakuwa wa kwanza kwenye foleni ya dawa hiyo, hilo halihitaji profesa.

Na nyumbani je? Mama kabaki na shamba, watoto, na ghala tupu. Ugogo walipata njaa iliyoitwa Mtunya, kuanzia 1917, mvua zilipokosekana baada ya majeshi kupita na kuchukua nafaka na ng'ombe. Watu wapatao 30,000 walikufa. Sijawahi kuona mtu anatengeneza kinyago cha huyo mama.

Mizinga yenyewe ilipotea mmoja mmoja, na kabla Wajerumani hawajavuka Ruvuma Novemba 1917 ilikuwa imekwisha yote, mingine waliilipua wenyewe. Ukienda Mombasa, ndani ya Fort Jesus upo mmoja, jirani na mzinga wa ile Pegasus waliyoizamisha. Mwingine upo Pretoria. Imepakwa rangi, watu wanapiga nayo picha. Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari tangu 1927, anasimama peke yake na bunduki yake. Nairobi angalau waliweka sanamu tatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwetu mpagazi alibakiwa na jina la sokoni: Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichokuwa na kambi pale. Tunaenda kununua madera pale na hatujui.

Kwa hiyo mwanao akimaliza, mzinga uwekeni nyuma, wale wanasesere wawe mbele na kamba zao. Kama mna mzee nyumbani, bibi au babu, muulizeni kama alisikia kwa wazazi wake nani wa ukoo alichukuliwa kubeba mizigo. Jina likipatikana, andikeni kwenye karatasi mumbandike mwanasesere mmoja. Picha nitumieni, nitaziweka hapa.

Sehemu ya 8 ni mafua ya mwaka 1918, yaliyofika vita ikiwa inaisha.