Moto ulipokutana na maji: mawe ya Sake na Lac Vert yanasema nini

Anayetoka Walikale kupitia Masisi kwenda Goma hufika Sake, na kutoka hapo barabara inapita juu ya mawe meusi. Familia nyingi zilizokimbia vita zilijenga vibanda vyao juu ya mawe ya namna hiyo, Mugunga na Bulengo.

Mwezi wa kwanza 1938, volkano Nyamulagira ililipuka. Lava ilitiririka hadi 1940, ikafika Ziwa Kivu karibu na Sake. Lava ikipozwa ghafula na maji hugeuka kioo cheusi, kinachokata kama chupa iliyovunjika. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo nayo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani. Mvuke mwingi ulipanda, lakini ziwa halikulipuka.

Lac Vert ina historia nyingine. Zamani sana, moto ulipanda kutoka chini ukakuta maji ndani ya ardhi. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa mara 1,700 hivi. Ni kama sufuria iliyofungwa kifuniko kwa nguvu: ardhi ilipasuka, na moto ukasagwa kuwa majivu ya kioo. Majivu yalirundikana kuzunguka shimo, kisha shimo likajaa maji ya kijani. Mont Goma, kando ya bandari, ulizaliwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo lava inayoingia ziwani kutoka nchi kavu si sawa na moto unaopanda chini ya maji. Huo wa pili ndio ulioogopwa mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na tarehe 27 wakubwa wa jimbo waliamuru sehemu ya Goma ihame, kwa kuwa moto ulikuwa umesogea chini ya mji na ziwa. Maelfu ya watu walikimbilia Sake, na wenyeji wakawapokea. Moto haukutoka, na mwezi wa Juni watu walianza kurudi. Lakini anayetazama shimo la Lac Vert anaelewa kwamba onyo lile halikuwa la bure.

Majivu ya kioo hayayeyuki kifuani wala machoni. Yakianguka, wazee wa familia wafunike pua za watoto kwa kitambaa, wafunike pia maji ya kunywa. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya watu wa Sake kukimbilia Goma, na wengi wao walipata hifadhi karibu na shimo hilo hilo.